Mstari Mmoja wa Pamba

Sogeeni, hadithi inapita. Nyamizi, mfumaji, alilima pamba bila sumu. Zimwi likamletea kibuyu cha dawa ya wadudu. Akakataa. Likarudi, akakataa. Mara ya tatu, funza walikuwa wameshakula nusu ya shamba.

"Nipulizie mstari mmoja tu," akasema.

"Pamba ya mstari huo ni yangu," likajibu zimwi.

Wakati wa kuvuna akasahau, akatia yote kapu moja. Akasokota, akafuma mbeleko ya mjukuu wake wa kwanza. Siku ya kumbeba, zimwi likasimama mlangoni.

"Nipe changu."

"Uzi wako ni upi?"

"Wewe ndiye uliyechanganya."

Nyamizi akamshusha mtoto, akafumua mbeleko hadi uzi wa mwisho. Nyuzi zote nyeupe, zote sawa. Zimwi likazizoa zote.

Hadithi imeishia hapo. Makapu yenu yatengeni.