Hati ya Upole na Punda wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, palikuwa na chuo kilichosifika kwa mabishano. Wanafunzi mia walikula chungu kimoja, na kila Alhamisi walibishana uani mbele ya Sultani Zahoro, hata majirani wakafunga madirisha. Humo alisoma Shekuwe, mtu mzima mwenye kanzu moja tu, aliyekuwa katika mwaka wake wa saba na amebakiza kitabu kimoja ahitimu. Watu walimwita mjinga kwa kuwa alisema kila alichokiona.

Basi Alhamisi moja Sultani akasoma shairi alilotunga mwenyewe. Wote wakasema, "Maashallah!" Shekuwe akanena, "Bwana wetu, ubeti wa tatu unachechemea."

Sultani akarudi nyumbani asile kitu. Siku ya pili yake ikaletwa chuoni hati yenye muhuri: "Mimi mtia sahihi naahidi kwa hiari yangu kuwa mpole, wala sitamwambia mtu neno la kumvunja moyo. Nikilisema, nisile tena cha chuo." Sultani alitia sahihi wa kwanza. Lakini hiari ile, ndugu zangu, ilikuwa na bawabu: majina yalibandikwa mlangoni pa jiko, na asiyekuwemo hapati wali.

Ikawa kufika adhuhuri wote wametia sahihi isipokuwa Shekuwe. Mwalimu Badi, mkuu wa chuo, akamwita kando. "Tia sahihi, mwanangu. Upole ni jambo jema."

"Ni jema, maalimu, nami naupenda. Lakini hiari inayonishika tumbo siijui mimi."

Habari zikamfikia Sultani, akamwita. "Ewe Shekuwe, nakupa mpaka Alhamisi. Nionyeshe kwa macho yangu hasara moja, moja tu, iliyoletwa na maneno ya upole. Ukishindwa, kunja mkeka wako uuhame mji huu."

Shekuwe akatoka analia waziwazi njiani. Njaa aliizoea, alichokililia ni kile kitabu kimoja kilichobaki.

Alhamisi ikafika. Sultani akamfunga punda wake mweupe langoni, punda mwenye tandiko la hariri anayejulikana na kila mtoto wa mji, akaenda kuketi uani. Mara Shekuwe akaingia, amempanda punda yule yule.

"Shuka juu ya punda wangu!"

"Punda wako yupi, Bwana wetu? Huyu ni wangu, nimemlea tangu anazaliwa."

Sultani akawageukia wanafunzi. "Semeni, punda huyu wa nani?"

Wakatazamana, kisha wakalitazama jiko, ambamo siku ile mlikuwa mkipikwa pilau. Mmoja akasema, "Bwana wetu, hakika ni punda mzuri." Wa pili akasema, "Nyote wawili mnampenda, na mapenzi ndiyo makubwa." Mwalimu Badi akainama kwa taadhima. "Bwana wetu, kumwambia mtu kwamba asema uongo ni kumvunja moyo, nasi sote tumetia sahihi. Tunaziheshimu kauli zote mbili."

"Hapana hapa hata mmoja mwenye ruhusa ya kusema kweli?"

"Yupo mmoja, Bwana wetu, asiyetia sahihi," akajibu Mwalimu Badi.

"Na aseme basi!"

"Ndiye mimi," akajibu Shekuwe kutoka juu ya punda. "Nami nasema punda ni wangu." Akamgusa punda kwa kisigino, wakageuka kuelekea langoni.

Sultani akaruka kitini, kilemba kikamdondoka. "Mwongo wewe! Mwizi! Mjinga usiye haya! Punda ni wangu!"

Shekuwe akashuka, akampa hatamu kwa mikono miwili. "Umesema kweli, Bwana wetu, na punda wako huyu hapa. Maneno yako yameniuma, sikufichi, lakini sikufa. Upole wa hawa mia ungekurudisha nyumbani kwa miguu."

Sultani akamtazama, akakitazama kilemba chake mavumbini, akaona haya. Mwalimu Badi akamnong'oneza, "Bwana wetu, kwa mujibu wa hati, pilau ya leo huili."

"Lo! Hata mimi?" akasema Sultani, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Hapo hapo akaamuru majina yabanduliwe mlangoni pa jiko, kila mwanafunzi ale, na hati iwekwe barazani, atakaye atie sahihi na asiyetaka apite zake. Tena akaamuru Shekuwe asome kitabu chake mpaka mwisho, na apewe kanzu ya pili.

Basi wanafunzi wakasukumana barazani kufuta majina yao. Shekuwe akangoja hata wakaisha, akaitwaa kalamu, akatia sahihi.

"Wewe tena?" akashangaa Sultani.

"Siku ile nililazimishwa, Bwana wetu. Leo nimetaka mwenyewe."

Hekaya yangu imetua hapa. Aliyependezwa nayo aichukue; asiyependezwa aniambie usoni, nitanuna kidogo, kisha tutakula pamoja.