Hakimu Pimbi na Mashimo Mawili

Enyi mlioketi!

— Tumeketi!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Basi yafungueni, maana ngano hii ina kelele.

Hapo kale, zamani za kale, wanyama wa Kilima cha Mawe walichoshwa na mahakimu wa Simba. Simba akitaka hakimu, alimteua binamu yake. Binamu akifa, alimteua binamu mwingine. Mashitaka yote dhidi ya Simba yaliishia tumboni mwa Simba, pamoja na mshitaki.

Siku moja Simba akahama, akawafuata nyumbu nyika ya mbali. Wanyama wakakutana, wakasema, "Sasa hakimu tutamchagua wenyewe. Na tukishamchagua, hatutamwacha akae mpaka aote kuvu. Kila masika yakiisha tutaulizana: abaki au ashuke?"

Muhanga, fundi wa kuchimba, akachimba mashimo mawili nyuma ya jiwe la hukumu. Shimo la kubaki likafika kwenye maji. Shimo la kushuka likawa kavu, upepo ukalijaza majani. Sheria ikawa hivi: kila mnyama atatupa kokoto moja katika shimo alitakalo, na hakimu atakaa amewapa mgongo, asijue nani katupa wapi. Akigeuka, amejishusha mwenyewe.

Wazo zuri, au siyo? Lakini hakuna aliyefikiria masikio. Kokoto ya kubaki ililia chubwi! Kokoto ya kushuka ililia kacha! Haya, semeni na nyinyi: chubwi! Kacha! Nyinyi wa huko nyuma mmekula nini leo? Semeni tena!

Basi wakamchagua Pimbi, maana alikuwa mkweli mpaka anaudhi. Alimwambia Twiga usoni kwamba anakoroma. Wanyama wakasema, "Huyu ndiye."

Nanyi mnamjua Pimbi. Ni mnyama wa kuota jua. Asipoota jua asubuhi, hata jina lake analisahau. Jiwe la hukumu lilikuwa juu kabisa, likapata jua kabla ya mawe yote. Asubuhi ya kwanza Pimbi alipolala pale, tumbo lilipata joto, akafumba macho, akasema, "Lo! Uhakimu mtamu!" Mkewe naye akaanza kuitwa Mama Hakimu, akawa anapishwa kisimani.

Mwanzoni Pimbi alihukumu vizuri. Masika yalipokaribia kuisha, hofu ikamwingia.

"Mke wangu," akasema, "wakinishusha je?"

"Thubutu!" mkewe akaruka. "Mimi nirudi kupanga foleni kisimani nyuma ya panya? Tumia akili, baba. Kokoto hazitupwi na haki, zinatupwa na wanyama. Ukoo mkubwa ndio wenye kokoto nyingi."

Pimbi akaona hapo mkewe amesema. Tangu siku hiyo, kila kesi ilipoletwa, aliuliza swali moja kabla ya yote: "Ukoo wenu mko wangapi?"

Akaja Mama Kanga analia, manyoya yamemsimama. "Mheshimiwa, Fisi amekula mayai yangu, kisha akakilalia kiota."

"Ukoo wenu mko wangapi?"

"Tuko wachache, Mheshimiwa."

"Na wewe Fisi?"

"Sisi tumejaa bonde zima," akasema Fisi.

Pimbi akakohoa kidogo. "Fisi hakula mayai. Fisi alipiga miayo, mayai yakaingia. Mama Kanga, siku nyingine usitage mbele ya mtu mwenye usingizi."

Fisi wakacheka mpaka wakagaragara. Mama Kanga akaondoka.

Akaja Digidigi. "Mheshimiwa, Nyani wamenifukuza kwenye kichaka changu. Sina pa kujikinga na jua."

"Ukoo wenu mko wangapi?"

"Mimi na mke wangu tu."

"Na wewe Nyani?"

"Sisi tumejaa bonde na kilima," akasema Nyani.

"Kichaka ni cha Nyani," akasema Pimbi. "Wewe Digidigi ni mwembamba. Kaa kwenye kivuli chako mwenyewe, kitakutosha."

Nyani wakapiga makofi. Digidigi akatazama kivuli chake, akaona hakitoshi hata kwa inzi, akaenda zake.

Mara ya tatu akaja Fisi mwenyewe, anatabasamu, anamkonyeza hakimu. "Shemeji yangu Hakimu, Nyani wameingia kwenye pango letu. Babu yangu amezaliwa mle, baba yangu amezaliwa mle."

Pimbi akakuna shavu. Bonde ni wengi, lakini bonde na kilima ni wengi zaidi.

"Pango ni la Nyani," akasema. "Nyinyi Fisi mlikuwa mnawatunzia tu. Ahsanteni kwa kazi nzuri."

Siku hiyo Fisi hawakucheka. Mnajua fisi asiyecheka anavyotisha? Pimbi akajipa moyo: "Nyani wanatosha."

Siku ya kokoto ikafika. Pimbi akapanda jiweni, akawapa wanyama mgongo, akatega masikio, maana kila ukoo aliujua kwa vishindo vyake.

Wakapita Fisi. Kacha! Kacha! Kacha!

"Hao nilishawajua," akajisemea Pimbi.

Akapita Mama Kanga. Kacha! Akapita Digidigi na mkewe. Kacha! Kacha!

"Wachache hao. Nyani bado."

Mara, chubwi!

Moyo wa Pimbi ukaruka kwa furaha. Kumbe mtoto wa Chura ameteleza, ametumbukia shimoni, na mama yake anamvuta kwa mguu.

Halafu akasikia vishindo vya miguu mingi. Nyani hao! Pimbi akajinyoosha, akajiandaa kusikia maji. Semeni nanyi, alisikia nini?

— Kacha!

Kacha! Kacha! Kacha! Mpaka shimo la kushuka likafurika, kokoto zikamgonga mkia. Ah, nimesahau, Pimbi hana mkia. Zikamgonga makalio.

Pimbi akasahau sheria, akageuka. "Nyani! Mnanifanyia hivi? Niliwapa kichaka! Niliwapa pango!"

Nyani mzee akajikuna kichwa. "Ulitupa, Mheshimiwa, tunashukuru. Lakini siku uliyotupa pango nilimtazama Fisi usoni. Juzi tu alikuwa anacheka, kama nilivyokuwa nacheka mimi. Nikarudi nyumbani, nikakuta siafu wanapita mlangoni. Nikajaribu kuwahesabu, nikaona wametuzidi. Tangu siku hiyo sijalala, Mheshimiwa."

Wanyama wakatazama chini, kila mmoja akichunguza miguu yake kama kuna siafu.

"Basi mnataka hakimu wa namna gani?" akauliza Pimbi.

"Mimi? Nataka atakayeninyang'anya hili pango," akasema Nyani. "Si langu, na wewe unajua si langu. Akininyang'anya la Fisi leo, kesho siafu hawataninyang'anya la kwangu."

Pimbi akamtafuta mkewe kwa macho, mkewe akatazama pembeni. Akamtazama Mama Kanga, akakumbuka mayai, aibu ikampanda mpaka masikioni. Jua lilikuwa kali, jiwe lina moto, lakini tumbo lake lilikuwa baridi. Akashuka mwenyewe, polepole. Alipofika chini akasimama mbele ya Mama Kanga.

"Fisi hakupiga miayo," akasema. "Alikula mayai yako. Nilijua."

Mama Kanga akamjibu, "Umehukumu vizuri leo. Lakini jiweni umeshashuka."

Ngano hii inatufundisha hivi: hakimu anayehesabu vichwa kabla ya kusikiliza kesi hana rafiki, maana hata aliyependelewa humwogopa. Mkichagua hakimu, mchagueni yule atakayethubutu kuwahukumu siku mkikosea.

Ngano yangu imechoka kutembea, naiketisha hapa. Aliyesinzia, imempita. Aliyesikia, aibebe mpaka kwake.

— Tumeibeba!