Ua la Kuoshea Vyungu

Sogeeni, ngano imebisha hodi. Ifungulieni!

Zimwi alimtia guniani Mashavu, binti pekee wa Bi Sikudhani. "Nifumie ua la kuoshea vyungu," akasema, "nami nitamtoa."

Bi Sikudhani akashika kulabu, akafuma ua la uzi mweupe. Zimwi akasugulia chungu chake, likachanika. Akafuma la manjano, akafuma, akafuma, nalo likachanika. Mara ya tatu uzi ulikuwa umemwishia. Ndani ilibaki kofia nyekundu aliyomfumia mwanawe. Akaifumua huku analia, akafuma ua la petali sita. Hilo halikuchanika.

Zimwi akafungua gunia. Kiza cha mle kilikuwa kimempofusha mtoto.

"Mashavu, mwanangu, njoo! Mimi hapa, mama yako!"

Mtoto akasita. Mama mwenyewe ndiye aliyemfunza: mazimwi huiga sauti za watu, basi usiamini sauti, papasa uzi wa kofia yako; aliye nao mkononi ndiye mama.

Akapapasa mikono ya mama, akakuta kulabu tupu. Akapapasa mikono ya zimwi, akalikuta ua.

"Mama," akamwambia zimwi, "twende nyumbani."

Wakaenda.

Ngano yangu imefumukia hapo, na uzi wake anao zimwi.