Nyumba ya Mafundo Saba

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na wake, wakwe na majirani wambea kama sisi, Tembo alipatwa na aibu kubwa. Mkewe, Bi Nyamizi, alifunga mizigo yake akarudi kwao.

"Miaka minne tunalala chini ya mti!" alisema huku akijitwika chungu chake. "Mvua yetu, jua letu. Jenga nyumba, Baba Maganga. Masika yakinikuta kwa mama bila nyumba, mimi sirudi tena."

Tembo akabaki mdomo wazi. Mwili wote ule, pembe zote zile, na hajui nyumba huanzia wapi! Alikaa siku mbili bila kula, na nyinyi mnajua Tembo akisusa chakula mambo si madogo.

Siku ya tatu akasikia, "Hodi, hodi!" Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuona mtu.

"Huku chini, mzee!"

Lo! Kumbe ni Digidigi, yule swala mdogo ambaye ukipiga chafya anaruka vichaka viwili. Nyuma ya sikio amechomeka penseli.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia unataka nyumba. Mimi ni fundi mkuu."

"Marahaba. Fundi mkuu wewe? Utanyanyua hata ufito mmoja?"

"Fundi mkuu hanyanyui, mzee. Fundi mkuu anapanga. Nani aje lini, nani amfuate nani. Nina mafundi wa kila aina."

Tembo akashusha pumzi. Hiyo ndiyo habari aliyoitaka!

"Ila kuna mila moja," Digidigi akaendelea, sauti chini. "Nyumba isiyotiwa mkono na mwenyewe haina baraka. Kwa hiyo nguzo utasimamisha wewe. Mengine yote niachie mimi."

Tembo akakubali, na kesho yake akaingia kazini. Alibeba magogo ya mninga, akachimba mashimo, akasimamisha nguzo arobaini. Puu! Puu! Puu! Digidigi alikaa juu ya kichuguu, miguu kaning'iniza.

"Shindilia, mzee! Usimwonee mtu haya, ni nyumba yako hiyo!"

Tembo akashindilia mpaka akaona nyota. Kila nguzo aliisukuma kwa paji la uso kuipima, na hakuna iliyotikisika.

Kazi ilipokwisha, Digidigi akampa kamba yenye mafundo saba.

"Hizi ni siku saba. Kila asubuhi fungua fundo moja. Likifunguka la mwisho, njoo. Kabla ya hapo usikanyage hapa. Mafundi wangu wana haya sana, wakitazamwa mikono inawafa ganzi."

Tembo akaenda zake akiwa mpole kama mwali. Kila asubuhi akafungua fundo moja. La saba lilipofunguka, alikuja mbio, dunia ikatetemeka.

Akasimama. Akafikicha macho. Kisha akakaa chini, tii!

"Lahaula! Paa!"

Nguzo zake zilikuwa zimefungwa fito safu kwa safu, na juu yake paa la nyasi limekaa sawasawa, limebanwa kwa kamba za katani mpaka kileleni.

"Nani amefika kule juu?" Tembo akauliza.

"Fundi wangu wa paa," Digidigi akajibu, akichongoa penseli. "Kijana mrefu kidogo."

Eti mrefu kidogo! Nyinyi mnacheka, lakini Tembo hakucheka. Machozi yalimlengalenga. Akachukua kamba ya pili, mafundo saba mengine ya kungoja fundi wa udongo, na siku hiyohiyo akamtuma Korongo ukweni. "Mwambie Nyamizi nyumba ina paa!"

Asubuhi ya tatu, mafundo matatu yakiwa yamefunguliwa, Korongo akarudi anahema.

"Bi Nyamizi amefurahi mno! Ameshaondoka na mizigo yake. Na mama yake anamsindikiza aje kuiona nyumba. Jua likiwa utosini, watakuwa hapa."

"Leo?"

"Leo."

Mama mkwe! Tembo jasho likamtoka mpaka kwenye kucha. Nyumba haina kuta, na mama mkwe yuko njiani! Akaitazama ile kamba. Yamebaki mafundo manne. Siku nne nzima.

Akafikiri. Akafikiri tena. Ghafla akaruka.

"Mimi mjinga kweli! Kama fundo moja ni siku moja, basi nikiyafungua manne, siku nne zimepita!"

Akayafungua papo hapo: fyu, fyu, fyu, fyu. Na kweli, akahisi njaa ya siku nne. Akashukuru Mungu, akashika njia ya kwenda kuchukua nyumba yake.

Kabla hajafika akasikia: chwapa, chwapa, chwapa!

Alikuwa Kiboko. Amesimama katikati ya shimo la udongo, ametapakaa tope hadi kwenye nyusi, anakanyaga kwa miguu yote minne. Kuta tatu zilikuwa zimeshakandikwa na kukauka, na ile ya nne imebakiza shubiri moja tu kufika paani.

"Ewe kibarua!" Kiboko akapiga kelele. "Hii ndiyo saa ya kuja kazini? Lete maji, udongo unakauka!"

Tembo akageuka nyuma amwone huyo kibarua. Hakukuwa na mtu.

"Unamwambia nani?"

"Si wewe! Fundi mkuu aliniambia nguzo zilisimamishwa na kibarua wake mmoja. Pua ndefu, akili fupi."

"Akili fupi? Mimi ndiye mwenye nyumba! Wewe si ndiye fundi wa udongo, mwenye haya?"

"Haya za nini kwenye nyumba yangu?" Kiboko akafoka. "Mimi mwenye mji, bwana! Natia mkono tu, kwa ajili ya baraka!"

Tembo akasikia baridi inampanda kutoka mkiani.

"Baraka," akasema polepole. "Ndugu yangu, una kamba?"

Kiboko akaivua shingoni. Kamba ya katani, ina mafundo. Tembo akaitoa yake. Wakaziweka sambamba juu ya majani, wakazitazama.

"Mama yangu wee!" wakasema kwa pamoja.

Hapo matawi yakapanguka juu yao, kikachungulia kichwa chenye vipembe viwili.

"Nani anagombana kwenye nyumba yangu?" akauliza Twiga. Na shingoni, jamani, shingoni kote kule, alikuwa amejizungushia kamba ya mafundo.

Wote watatu wakaitazama ile nyumba, na kwa mara ya kwanza wakaona kwamba kwenye kuta zote kulikuwa na uwazi mmoja tu, chini kabisa, ambao mguu wa Tembo usingepenya.

"Aliniambia huo ni wa kuku," Kiboko akanong'ona. "Alisema mlango mkubwa hutobolewa siku ya kuhamia, kuzuia wezi. Akanihimiza niimalizie hii ya nne leo hii."

Kwenye ule uwazi ikatokeza penseli. Ikafuata pua.

"Jamani, hodi hupigwa mlangoni," Digidigi akasema. "Karibuni ndani. Kama mtaenea! Hi hi hiii!"

Tembo akapandwa na mori. Akaisukuma nguzo ya pembeni kwa nguvu zake zote. Nguzo, ng'o! Akairukia ya pili kwa paji la uso, akarudi nyuma anayumba. Ng'o! Twiga akavuta nyasi za paa kwa meno, asing'oe hata unyasi mmoja, na Kiboko akaumwa na jino kwa kuung'ata ukuta wake mwenyewe.

"Msijisumbue, wazee wangu," sauti ikatoka ndani. "Kila mmoja alijijengea mwenyewe. Nani angelipua kazi?"

Na ndipo kule njiani akatokea Bi Nyamizi na chungu kichwani, na nyuma yake mama yake, taratibu, na bakora.

Tembo alitafuta pa kujificha. Mila ni mila, mkwe humpisha mama mkwe njia, lakini Tembo atajificha wapi? Akajifunika uso kwa masikio yake mawili, akasimama hivyohivyo.

Mama mkwe akasikiliza kisa chote. Akaizunguka nyumba mara moja, akagonga hapa, akagusa pale.

"Masalale! Nguzo hizi za nani?"

"Zangu, mama," Tembo akasema nyuma ya masikio.

"Na paa?"

"Langu, mama. Shikamoo," akasema Twiga.

"Marahaba. Na udongo?"

"Mimi hapa," akasema Kiboko.

"Na huyo fundi mkuu, yeye alifanya nini?"

Kiboko akakohoa.

"Alitupa kamba."

Mama mkwe akacheka mpaka bakora ikamdondoka. "Toba! Wazee wazima watatu mmejenga nyumba nzima, halafu mnalia kwamba hamjui kujenga!"

Wallahi, Tembo alishtuka kuliko mishtuko yote ya siku ile. Masikio yalimwanguka yenyewe.

Mbali huko radi ikanguruma, ngurrr. Bi Nyamizi bado alikuwa na chungu kichwani, hajakitua.

"Mama, turudi," akasema kwa huzuni. "Hayo ni mawingu ya masika."

"Ngoja kwanza," mama yake akasema. Akaokota kamba moja, akafunga mafundo matatu, akayakaza kwa meno. "Jengeni nyingine hapo kando. Kesho nguzo. Kesho kutwa paa. Mtondo udongo, tena mjue, paa hutangulia udongo ili mvua isiuoshe. Aanze Tembo, maana mke wake yuko na mzigo kichwani. Wafuate wengine. Na kila siku mje wote watatu, mtazamane mkifanya kazi."

Kisha akamkabidhi Tembo kamba, bila kumtazama usoni.

"Fundo moja kwa siku, mkwe wangu."

Siku ya kwanza, puu! Ya pili, paa likakaa. Ya tatu Kiboko alikuwa anasawazisha kiganja cha mwisho cha udongo mvua ilipoanguka, shaaa! Ikapiga paa, ikateremka kwenye nyasi, ikaenda zake mtoni. Mlango ulikuwa mpana hivi kwamba Tembo aliingia na kutoka mara tatu kwa furaha tu. Bi Nyamizi akatua chungu chake kando ya mafiga, akachochea moto.

Na Digidigi? Kicheko kilimwisha usiku alipotaka kutoka kwenda kula. Alipochungulia kimlangoni aliona mguu wa Tembo. Kesho yake aliona kwato za Twiga, na siku iliyofuata mdomo wa Kiboko, uko wazi, unamngoja. Wale wazee watatu walipangiana zamu bila kukosea hata siku moja, kwa kamba! Usiku wa sita Kiboko alisinzia, Digidigi akachomoka, tiki tiki tiki, mpaka vichakani. Hajarudi. Hata leo analala porini, na ukikanyaga kijiti tu anadhani ni wenye nyumba.

Kamba yangu imeisha mafundo. Nanyi mkija kujenga, kumbukeni: asiyeulizia fundi kwa majirani humjengea fundi nyumba.