Mkia wa Kidoti

Paukwa!

Pakawa!

Haya, tulieni. Hii ya leo inatia haya.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijitawala, palikuwa na banda la nguruwe kumi. Mkubwa wao alikuwa Bi Kishindo. Banda lilikuwa safi, nawaambia! Pembe hii ya kulala, pembe ile ya kula, na kule mbali kabisa, choo. Nyie mnamsingizia nguruwe uchafu bure.

Siku moja, harusini, Kondoo akajigamba: "Zizini kwangu tuko thelathini!"

Bi Kishindo roho ikamuuma. Thelathini? Akatoka mbio. Akamwalika huyu, akamwalika yule. Wakaja, wakaja, wakafika arobaini, banda likajaa pomoni.

Mjomba wake, Mzee Kimya, akauliza, "Mwanangu, choo kiko wapi sasa?"

"Mjomba, bananeni tu! Jina letu litavuma!"

Wakabanana. Aliyelala alilaliwa. Aliyejigeuza alimkanyaga mwenziwe. Choo kikawa kitanda. Ndipo mikia ikaanza kuumwa. Kachu! Kwiii! Kachu! Kwiii!

Bi Kishindo akaitisha baraza. "Mwenye damu mdomoni ndiye mbaya wetu!"

Wakakaguana. Damu ikaonekana mdomoni mwa Mzee Kimya.

"Nilikuwa namlamba mtoto kidonda," akasema.

"Mwongo! Toka!"

Mzee wa watu akatoka, kichwa chini.

Kesho yake chakula kikamwagwa horini. Sukuma nikusukume! Bi Kishindo kabanwa mbavu, kakanyagwa mguu, hasira zikampanda. Mbele yake kuna mkia. Kachu!

"Mama! Ni mimi!"

Alikuwa Kidoti, binti yake.

Macho yote kwake. Damu inamchuruzika kidevuni. Akatafuta pa kuuficha uso, hata pa kugeukia hapakuwepo. Aibu ilimshika, jamani, mpaka masikio yakamlegea.

Akatoka kumtafuta mjomba wake. Akamkuta amejinyoosha kivulini, miguu yote minne.

"Mjomba, nisamehe. Si wewe. Wala si wao. Ni mimi niliyewajaza."

"Nimekusamehe."

"Basi turudi nyumbani."

"Nikirudi, nitalala wapi?"

Bi Kishindo akageuka. Akarudi peke yake, akasimama mbele ya wote, akaungama kosa lake. Wakajenga mabanda mengine matatu, wakagawana kumi kumi. Mzee Kimya akaitwa, akapewa mahali pake pa kulala. Vidonda vikakauka.

Lakini Kidoti alibaki na kipande cha mkia. Na kila akitaka kula karibu na mama yake, kwanza hurudi nyuma, akaegemeza makalio ukutani. Mama yake humwona. Huinamisha kichwa.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni: ukiwarundika viumbe pasipo nafasi, wataumana, na kosa ni lako uliyewarundika, si lao.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, nami nawaachia hapo.