Mkunga Aliyelala Mchana

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mtoto aliyezaliwa siku hiyo bado hajaota meno, palikuwa na kituo cha afya huko milimani, kwenye mashamba ya chai. Kilikuwa na wakunga wawili, Sekela na Bupe. Mmoja akilala, mwenzake yuko macho.

Kisha huko ng'ambo ya mto, kwenye zahanati isiyo na mkunga, akina mama wakaanza kufa kwa uzazi. Dokta Ambwene, mganga mkuu wa wilaya, akamhamishia Bupe huko. Akina mama wa ng'ambo wakapona. Sekela akabaki peke yake.

Akazalisha mchana, akazalisha usiku. Akamwendea Mwakalobo, mfawidhi wa kituo, akamwambia, "Kaka, nimechoka. Jana nimemchoma mtu sindano huku nasinzia."

Mwakalobo akamjibu, "Vumilia, dada yangu. Nikisema tumeshindwa, wataifunga wodi."

Wilayani hakupeleka neno.

Asubuhi moja akaja Atupele, mke wa Lugano mchuma chai, akisindikizwa na mama mkwe wake, Bibi Kisa. Adhuhuri akajifungua mtoto wa kike. Sekela akamchoma sindano ya kuzuia damu, akampapasa tumbo, akaona yuko sawa. Akaketi kando ya kitanda ili amwangalie. Usingizi ukamchukua pale pale kitini, kichwa ukutani, glavu mikononi.

Damu ikaanza kutoka.

Atupele akasema, "Mama, naona shuka limelowa."

Bibi Kisa akafunua, akatazama. Akamtazama na Sekela, alivyolala mdomo wazi. Akasema, "Ndio uzazi, mwanangu. Tumwache binti wa watu apumzike kidogo."

"Kweli, mama," Atupele akasema. "Tumwache."

Kilichomwamsha Sekela ni kilio cha kichanga. Akaruka, akalikanda tumbo, akatundika dripu, akapiga kelele za kuita watu. Miguu ya Atupele ilikuwa imeshapoa. Jioni haikumkuta.

Baada ya mazishi akaja afisa kutoka mkoani. Akawakusanya wote uani pa kituo, akasema, "Mtu amekufa. Nataka jina moja la kuwajibishwa."

Sekela akasema, "Nililala, naye alikuwa mikononi mwangu. Lakini niliomba msaada nikiwa bado naweza kusimama. Ningefanya nini?"

Mwakalobo akasema, "Nilinyamaza. Wodi ingefungwa, wajawazito wangeshuka milima hii kwa miguu, wangefia njiani. Ningefanya nini?"

Dokta Ambwene akasema, "Nilimhamisha Bupe. Nendeni ng'ambo mkawaone walio hai kwa sababu yake. Niliomba wakunga wengine mkoani, sikupewa. Na hakuna aliyeniambia kwamba Sekela anaanguka. Ningefanya nini?"

Aliposikia habari ya mkoani, afisa akainamisha macho.

Bibi Kisa hakuulizwa na mtu. Akasimama mwenyewe, akasema, "Mimi niliiona ile damu. Nikamhurumia aliyelala, mkamwana wangu nikamsahau."

Afisa akamgeukia Lugano, aliyekuwa amempakata mwanawe. "Wewe ndiye mfiwa. Mtaje unayemdai damu ya mkeo, nasi tutamwondoa."

Lugano akawatazama mmoja mmoja, akawaza. Akimtaja Sekela, kituo hakina mkunga tena. Akimtaja Mwakalobo, ataletwa mfawidhi mwingine, naye atajifunza kunyamaza kwa woga ule ule. Akimtaja Dokta Ambwene, Bupe atarudishwa, na ng'ambo wataanza tena kuzika. Akimtaja mama yake, ni nani atakayemlea mtoto? Akimtaja afisa mwenyewe, ni nani pale uani wa kumwondoa? Na akikaa kimya, kesho atakuja kujifungua mke wa jirani, naye atamkuta Sekela peke yake, macho mekundu.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, jiwekeni mahali pa Lugano, na mtoto yuko mapajani mwenu analia. Je, damu ya Atupele mngemdai nani?