Jini Dahmushi na Diwani za Kamaria

Alikuwapo katika mji wa Kamaria, mji ambao wenyeji wake wakiutaja huinua kidevu, sultani aitwaye Shaibani bin Mundhiri, na mimi ninayesimulia nina damu ya huko upande wa mama, kwa hiyo msinilaumu nikijisifu. Sultani huyo alirithi pete, na ndani ya pete alifungwa jini Dahmushi, na kwa miaka mingi jini huyo ndiye aliyekuwa serikali nzima: mfereji ukiziba, pete husuguliwa, wezi wakivamia soko, pete husuguliwa. Basi sultani alipougua homa akashindwa kuinua hata kidole, mji ulikaa bila maji wala hukumu, na watu wakataabika mno.

Alipopona, waziri wake kijana, Nasri bin Habishi, alimshauri aanzishe diwani, yaani ofisi za serikali, kila moja na kazi yake na mkuu wake: Diwani ya Ardhi, na ya Maji, na ya Ulinzi, na ya Soko, na nyinginezo, zote zikizunguka ua mmoja wa mawe meupe. Na Nasri akaweka desturi isiyokuwapo katika miji ya jirani, ambako raia huambiwa "nenda mlango wa pili" mpaka viatu vimwishie. Kamaria, mwenye shida akiingia diwani isiyo yake, aliyempokea ilimpasa ainuke, amshike mkono, ampeleke mwenyewe kunakohusika, wala asirudi kitini mpaka shida ile ipate mwenyewe, yaani wa kuishughulikia.

Mambo yakanyooka, na pete ikafungiwa sandukuni. Lakini Dahmushi aliona uchungu, na siku moja ya baraza moshi ukafuka kutoka sandukuni, na jini akasimama mbele ya kiti cha enzi.

"Ee maulana," akanguruma, "mimi niliyejenga kuta zako nimetupwa kama ufagio mkuukuu, na nafasi yangu wamepewa makarani wanaosinzia! Niruhusu niende kwao kama raia. Nikifukuzwa kabla jua halijatua, diwani zote zifungwe, na Nasri awe mtumwa wangu chini ya bahari milele. Nisipofukuzwa, nitaitumikia dola yako kwa hiari."

Binti sultani, Mwana Salha, aliyekuwa mchumba wa Nasri, alihisi moyo ukimpasuka. Lakini Nasri akainama akasema, "Mruhusu, maulana. Nawajua watu wangu."

Sultani akaruhusu, na Dahmushi akajigeuza mzee mwenye mkongojo asitambulike kwa sura, akaingia Diwani ya Ardhi. "Wanangu, nimepoteza kivuli changu."

Karani akatazama sakafu iliyojaa jua, na kweli kivuli hakikuwapo. "Ulikiona wapi mara ya mwisho, babu?"

"Kisimani, mwanangu."

Karani akamshika mkono akampeleka Diwani ya Maji, na wa Maji wakachungulia kisima wasione kitu, wakasema huenda kimeibwa, wakampeleka Ulinzi, na wa Ulinzi wakasema cha wizi huuzwa, wakampeleka Soko. Na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kurudi kitini, kila aliyempokea aliungana na wenzake, hata alasiri msururu wa watu walioshikana mikono ukauzunguka ua mzima, wakuu wenye vilemba na makarani wenye wino vidoleni, na viti vyote vitupu. Raia wakaanza kuguna, "Sisi je, atatuhudumia nani?" Jini akacheka ndani ya ndevu zake, na Nasri akaliona kosa lake waziwazi, kwamba hakuwahi kufikiria shida isiyo na mwenyewe. Aliogopa, na hakuwa na la kufanya.

Ukabaki mlango mmoja tu, wa sultani. Jua lilikuwa limegusa ukuta, na sultani amechoka, ana njaa, na desturi ile aliijua kuwa ni ya makarani.

"Maulana, nirudishie kivuli changu," akasema mzee.

Sultani akafungua kinywa amwambie aende zake. Mwana Salha, aliyekuwa kando yake, akasema, "Baba, hata hapa ni diwani."

Sultani akashuka kutoka kitini, akamshika mzee mkono. "Babu, kivuli chako sijui kilipo, wala sina mlango mwingine wa kukupeleka. Shida hii ni yangu. Twende tukakitafute." Akawageukia makarani na wakuu waliomleta mzee. "Ninyi rudini kazini. Imepata mwenyewe."

Wakatafuta pamoja, sultani akiinama chini ya kila kibaraza, mpaka jua likatua. Hapo mzee akasimama akalia machozi.

"Majini hatuna vivuli, maulana. Wafalme wengi wameniamuru, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunishika mkono."

Basi sultani akaunda Diwani ya Yasiyo na Mwenyewe, akamweka Dahmushi kuwa mkuu wake, na Nasri akamwoa Mwana Salha kwa harusi iliyofunga mitaa yote, wakaishi kwa neema na heshima. Funzo lake ni hili: dola haiheshimiwi kwa miujiza iliyo nayo, bali kwa namna inavyompokea mnyonge mlangoni. Na anayebisha aende Kamaria na shida yoyote, hata ya kipuuzi. Atashikwa na mkono wenye joto kidogo kuliko wa binadamu, na hautamwachia.